Mtoto wa Wengi, Daktari Mmoja

Fomu ya afya ya mtoto anayeombewa uhamiaji humtafuta mtu mmoja. Huyo mmoja awe anajua mtoto alizaliwa na kilo ngapi, alikaa lini na kutembea lini, amewahi kulazwa wapi na kwa maradhi gani, ameongezwa damu au hakuongezwa, na katika ukoo ni nani mwenye kisukari, nani mwenye kifafa, nani aliyekufa akikohoa. Akishayajibu hayo yote, huyo huyo mmoja atie sahihi kwamba aliyoyasema ni kweli. Walioiandika fomu hiyo, wawe wa Ottawa, wa London au wa Washington, walimwona mtu huyo mbele yao walipokuwa wakiandika: mzazi aliyekaa nyumba moja na mwanawe tangu siku ya kuzaliwa, karatasi zote za mtoto zimo kwenye droo.

Kwetu, kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, mtu wa namna hiyo ni wa kutafuta kwa taa. Wala si kwamba watoto wametupwa. Habari za mtoto mmoja ziko kwa watu wengi. Mama mzazi anajua ya mimba na ya uchungu, naye yuko ng'ambo anahudumia wazee zamu ya usiku. Bibi anajua kila homa tangu alipoachiwa mjukuu. Mama mdogo ndiye aliyekuwa akimpeleka kliniki, kwa kuwa yeye ndiye anayekaa karibu na dispensari. Baba, akiwepo, anajua maradhi ya upande wake na pengine hataki kuyataja. Na liko jambo ambalo mtoto mwenyewe tu ndiye alijuaye, kama vile lambo lipi analoogelea akitoka chuoni.

Kwa hiyo ombi la kipimo likishafika, daktari si mtu wa kwanza kutafutwa. Kwanza zitafutwe habari, zitolewe kwa kila aliyenazo, zipangwe, ili atakayeingia na mtoto katika chumba cha daktari awe kweli anasema kwa niaba ya wote. Nimeona familia zikitumia pesa na mishughuliko yote kwenye nauli, pasipoti na picha, halafu zikamtia mtoto ndani na mtu asiyejua kama amewahi kutiwa damu.

Dada yangu alimwombea mwanawe kwenda Kanada. Ombi la kipimo lilimfikia yeye Ontario kwa barua pepe, likanifikia mimi Malindi kwa simu, nami nikalipeleka Mambrui kwa mdomo hadi kwa Mama, ambaye ndiye anayemlea mtoto. Dada alisoma kwamba mtoto apimwe na daktari aliyeidhinishwa, ndani ya siku 30. Mimi niliposikia nikashika la Nairobi na la nauli. Mama akasikia jambo lingine kabisa.

"Kwani wamemuona ana nini?"

Swali lake lilikuwa na msingi. Pwani nzima inaijua medikali, na medikali tunayoijua ni ya Ghuba. Kijana anayekwenda Saudia au Qatar kufanya kazi hupelekwa kwenye kituo kilichoidhinishwa, ambacho wengi bado wanakiita GAMCA ingawa mfumo ulishabadilishwa jina ukawa Wafid. Hupigwa eksrei ya kifua, hutolewa damu, huangaliwa virusi vya ukimwi na homa ya ini, na mwanamke huangaliwa mimba. Majibu ni mawili tu. Umepita au umefeli. Mtu hufeli kwa kovu la kifua kikuu alichougua na kupona zamani, akarudi nyumbani na deni la ajenti na jina mtaani: fulani amefeli medikali. Ndiyo maana watu wakaanza mbinu zao. Wapo wanaokunywa maziwa kwa wingi usiku wa kuamkia eksrei wakiamini yanasafisha kifua, na wapo wanaoapa kwamba katika ukoo wao hajawahi kuugua mtu.

Mtoto naye akipata barua yake, desturi hiyo ya Ghuba humfuata. Shauri la kwanza tulilopewa na jirani lilikuwa kuficha: msiseme alilazwa, msiseme habari ya damu, mwambieni mtoto asikohoe. Kwa kipimo cha Kanada, shauri hilo ndilo linaloweza kumharibia mtoto kuliko ugonjwa wenyewe. Sheria yao ya uhamiaji, iliyoanza kutumika Juni 2002, inamzuia mtu kwa sababu za kiafya katika mambo matatu: akiwa hatari kwa afya ya umma, akiwa hatari kwa usalama wa umma, au akitarajiwa kuwa mzigo mkubwa kupita kiasi kwa huduma za afya na za jamii. Lakini hilo la tatu halimgusi mtoto anayeitwa na mzazi wake. Mtoto mwenye selimundu, mwenye kifafa, asiyesikia vizuri au mwenye mguu mfupi hazuiwi kwa gharama zake ikiwa ni mzazi aliyemwombea. Uongo ndio unaozuia, kwani anayekutwa ametoa maelezo ya uongo anaweza kufungiwa miaka 5. Watu wetu wengi wanaficha kile kisichokuwa na madhara, kwa njia yenye madhara.

Wala nchi zote hazitaki kitu kimoja. Kanada haimpigi eksrei mtoto mdogo. Huanza akifika miaka 11, nacho kipimo cha virusi vya ukimwi huanza miaka 15. Uingereza inashughulika na kifua kikuu tu, na aliye chini ya miaka 11 kwa kawaida huulizwa maswali na kuangaliwa bila kupigwa picha. Marekani, kwa nchi zenye kifua kikuu kingi kama Kenya, tangu mwaka 2018 inampima damu mtoto wa miaka 2 hadi 14, na damu ikionyesha jambo ndipo eksrei inafuata. Zamani walitumia sindano ya ngozini, nayo ilikuwa ikiwasumbua watoto wetu bure, kwa sababu karibu kila mtoto wa Kenya amechanjwa BCG, na chanjo hiyo inaweza kuifanya ngozi ivimbe kana kwamba kuna maambukizo. Marekani pia inataka chanjo. Hapo mtoto wa Kilifi aliyemaliza chanjo zote za serikali, kadi yake imejaa mihuri, huambiwa amepungukiwa, kwa kuwa matumbwitumbwi na tetekuwanga havimo katika ratiba yetu. Nesi wa dispensari hana kosa, na mlezi hana kosa. Lakini mlezi ndiye anayeona haya.

Tuliyakusanya ya mtoto wetu jioni moja ukumbini kwa Mama. Dada alikuwa kwenye simu, imeegemezwa kwenye jagi la maji. Kitabu cha kliniki kilitoka kabatini ndani ya mfuko wa nailoni. Ukurasa wa chanjo ulikuwa mzima, ukurasa wa kukua ulikuwa na doa la chai. Mama akaunyoosha mkono wa kushoto wa mtoto, akaonyesha kovu dogo la BCG hapo chini ya kiwiko, kana kwamba daktari alikuwa tayari yumo chumbani. Kisha yakaanza maswali, nami naandika.

Alizaliwa kilo ngapi? Dada anajua. Aliwahi kulazwa? Hapo simu ikanyamaza, maana Dada hakujua kwamba mwanawe alilazwa. Ilikuwa mwaka wake wa kwanza ng'ambo, malaria ilimkamata mtoto ikamla damu, na Mama na mdogo wetu wakakubaliana wasimpe habari mtu aliye mbali asiyeweza kufanya lolote. Je, aliongezwa damu? Mama hakumbuki; usiku ule yeye hakuwepo wodini. Mdogo wetu akaitwa. Ndiyo, akasema, aliongezwa chupa moja, ndogo.

Dada alilia kidogo, akakasirika kidogo, halafu akasema tuendelee.

Swali la kuongezwa damu halikuwekwa pale kwa kupamba. Mtoto wa chini ya miaka 15 Kanada kwa kawaida haimpimi virusi vya ukimwi, ila zikiwepo sababu, na mojawapo ni kutiwa damu ya mtu mwingine. Nyingine ni mama mzazi kuwa na virusi. Katika pwani hii, ambako malaria na selimundu vimewapeleka watoto wengi kwenye kitanda cha kuongezwa damu, swali hilo linawagusa wengi. Na liko la siri zaidi. Bibi anaweza kuwa hajui hali ya binti yake, binti hataki ajue, na fomu inataka bibi aijibu. Njia niliyoiona inafaa ni mama mzazi kuyaandika mwenyewe yake na ya mimba yake, ayatie katika bahasha ya daktari peke yake, ili aliyemsindikiza mtoto asilazimike kusema asilolijua wala kujua asilotakiwa alijue.

Watu wa Kilifi si wageni wa kutolewa damu. Tangu mwaka 1989 watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust wako pale hospitali ya Kilifi, na tangu mwaka 2000 wanahesabu kaya za eneo zima linaloizunguka, nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa. Mwanzoni palisemwa mengi: wanyonya damu, mumiani wamerudi na magari mazuri. Miaka ikapita, mikutano ikafanywa barazani na chini ya miembe, na watu wakajifunza kuuliza. Mnatoa kiasi gani? Mnaipeleka wapi? Majibu tutaletewa? Na je, nikikataa, mwanangu atatibiwa? Hilo la mwisho lina jibu: atatibiwa. Mama aliuliza maswali yale yale kuhusu Kanada, kwa mpangilio ule ule, na nilipofika kwenye la mwisho sikuwa na jibu la kumpa. Ridhaa ya kipimo cha uhamiaji ina sahihi na tarehe kama ile ya utafiti, lakini ukikataa, faili haiendelei. Hapo ndipo nilipoona kwamba maswali matatu ya kwanza inafaa yaulizwe kwa nguvu zaidi, kwa kuwa la nne limeshafungwa. Na yana majibu: daktari hatoi uamuzi, anaandika anachokiona na kukituma kwa idara ya uhamiaji kwa mtandao, unaweza kumwomba nakala, na akiona jambo la kiafya anapaswa kukuambia hapo hapo. Usitoke bila karatasi inayothibitisha kwamba mtoto alipimwa.

Tulipanda SGR kutoka Miritini, kwa sababu Mama hataki basi la usiku. Mtoto alitaka kujua kama Nairobi atachomwa sindano. Nilitaka kumwambia hapana, kama watu wazima wote wanavyosema, lakini Mama akanitangulia. "Hatujui. Wakikuchoma utalia, kisha itakwisha." Akatosheka, akarudi kuhesabu tembo ambao hatukuwaona. Naona watoto wanastahimili sindano kuliko wanavyostahimili kudanganywa. Nililomtafutia maneno mengine ni la sababu. Kumwambia mtoto "unapimwa ili upelekwe kwa mama" ni kumtwika shehena: majibu yakichelewa atadhani ni mwili wake uliokosea. Tukamwambia kila anayesafiri mbali anaangaliwa, hata mjomba angeangaliwa.

Kliniki yenyewe sitaitaja. Ilikuwa safi, na foleni yake ilikwenda. Pasipoti ikakaguliwa, picha ikapigwa, urefu na uzito vikaandikwa, macho yakajaribiwa kwa herufi ukutani. Kwa kuwa alishapita miaka 5, akapewa kikopo cha mkojo. Tukangoja. Nesi akarudi akauliza kama mtoto ameanguka au ameumia. Hakuanguka. Kijiti kilichochovywa kwenye mkojo kilikuwa kimebadilika rangi: mna damu.

"Kichocho hicho," Mama akasema, hata daktari hajaketi.

Alikuwa sahihi, au alielekea kuwa sahihi. Kichocho ni ugonjwa wa pwani hii kama embe ni tunda lake. Mdudu wake anakaa kwa konokono wa maji baridi, kwenye malambo na vidimbwi, na mtoto anayeogelea huko humpata kupitia ngozi. Wavulana wengi hukojoa damu kidogo mwishoni mwa mkojo na hawasemi, kwa kuwa wenzao wote wanaogelea lambo moja na wote wako hivyo. Nilimuuliza mtoto akanitazama miguu. Tangu lini? Tangu Ramadhani. Mbona hukusema? "Hata fulani yuko hivyo," akasema, akamtaja mwenzake.

Dawa ni vidonge vya praziquantel kwa kipimo cha uzito wa mtu, mara nyingi dozi moja tu, vichungu, na inafaa vinywewe baada ya kula. Shuleni vinagawiwa katika kampeni za minyoo na kichocho, na kiasi hupimwa kwa kijiti cha urefu badala ya mizani. Mtoto wetu siku ile ya kampeni alikuwa kwenye arusi Takaungu. Daktari yule, mtu wa bara mwenye upole wake, alimwamini Mama, na alisema hivyo. Lakini kuamini hakuna kisanduku chake kwenye fomu. Damu kwenye mkojo wa mtoto lazima ipimwe tena, iangaliwe kwenye hadubini, figo nazo ziulizwe. Faili ikabaki wazi na sisi tukabaki Nairobi, kwa jamaa wa South B, Mama akilalamikia baridi na maji yasiyo na chumvi.

Kilichoniudhi hakikuwa kipimo cha pili. Ni kwamba hakuna mtu aliyetueleza. Tuliambiwa tusubiri tutajulishwa, basi. Dada huko Ontario, aliposikia "wamesema wapime tena", hakulala, kwa kuwa yeye alijua habari ya selimundu katika ukoo wa baba wa mtoto na akadhani ndiyo hiyo imetokea. Dakika mbili za maelezo zingetosha. Na tungekuwa tumemwuliza mtoto habari za mkojo wake kabla ya kupanda treni, vidonge angekunywa Mambrui. Ndiyo maana ninasema kila mwenye habari aulizwe, pamoja na mwenye mwili. Pale ukumbini tulimwuliza kila mtu ila yeye.

Ni katika kungoja kule ndipo lilipotokea jambo ambalo bado linanirudia. Nesi, ili kumchangamsha mtoto, akamuuliza: "Na una ndugu wangapi?"

"Saba."

Kwenye karatasi za Dada hana hata mmoja. Nilihisi jasho. Mama, asiyejua lolote la karatasi, akaunga mkono: "Saba, na wa nane anakuja Inshallah," maana mdogo wetu alikuwa mjamzito. Nesi akaweka kalamu chini. Kisha akacheka. "Nyanya, hata kwetu Kakamega ni hivyo hivyo. Nauliza wa tumbo moja." Hapo Mama akafikiri, akasema wa tumbo moja hakuna, lakini yuko wa ziwa moja, maana Dada alipopata homa ya uzazi, mtoto alinyonyeshwa na mdogo wetu pamoja na binti yake. Kwa sheria ya dini yetu hao ni ndugu, hawaoani mpaka kufa. Nesi akasikiliza yote, akaandika: hana.

Ingekuwa ofisi nyingine na mtu mwingine, "saba" ile ingezaa barua ya pili, ya kutaka kipimo cha vinasaba. Kipimo hicho kiliingia katika uhamiaji mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1985, mwaka mmoja tu tangu Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester alipogundua namna ya kusoma alama za vinasaba, kilitumika Uingereza kumtetea kijana wa asili ya Ghana ambaye maofisa walidai si mtoto wa mama aliyemwita mama. Damu ikasema ni wake, kijana akabaki. Ilianza basi kama msaada kwa familia. Mwaka 2008 ikatumika kwa namna nyingine, kuanzia hapa kwetu Nairobi. Serikali ya Marekani ilijaribu vinasaba vya wakimbizi, wengi wao Wasomali na Waethiopia, walioombewa na jamaa zao kuungana nao, na ikatangaza kwamba udugu wote uliodaiwa uliweza kuthibitishwa katika chini ya asilimia 20 ya familia. Mpango huo wa kuunganisha familia ukasimamishwa mwaka ule ule, na ulianza tena mwaka 2012. Katika hesabu ya wasiothibitishwa walitiwa pia waliokataa kupimwa.

Walikuwemo waongo, sina shaka. Biashara ya kuuza nafasi za watoto ilikuwepo na ipo. Lakini nikimkumbuka mtoto na saba wake najiuliza ni wangapi katika wale walioitwa waongo walikuwa bibi na wajukuu waliochanganyika vitani, au mwanamke aliyemchukua mwana wa dadake aliyekufa, akamwita mwanangu tangu siku ile na hakupata sababu ya kulibadilisha neno. Malindi, ambako Italia iko karibu kuliko Kanada, jambo hili lina sura yake. Sheria ya Italia tangu mwaka 2008 inaruhusu kipimo cha vinasaba kwa gharama ya mwombaji pale hati za udugu zinapotiliwa shaka, na vyeti vya kuzaliwa vilivyochelewa kuandikishwa ndivyo vinavyotiliwa shaka kwanza. Mlezi aliyemlea mtoto kwa kafala, yaani ulezi wa dini yetu, hata kwa kibali cha kadhi, vinasaba havimtambui. Huyu asiwaandikie wageni "mwanangu" kwa ukarimu wa lugha. Aandike kilichopo: mtoto wa marehemu dadangu, ninamlea tangu mwaka fulani. Ni baridi, najua, na Mama alikataa katakata nilipomwambia. Lakini udugu wa nyumbani hauna haja ya kupitishwa na ofisi ili uwe udugu, na ofisi ikiudaka ndani ya neno lisilo lake humwadhibu mtoto.

Kuna upande mwingine wa jambo hili, nao ni mbaya zaidi kuliko kupimwa: kutopimwa. Mwanamke anapata nafasi ya kuhamia Kanada. Ana watoto wawili. Mmoja anaondoka naye, mwingine yuko kwa baba yake Ganze au Marafa, baba hataki hata kusikia. Ajenti anamwambia huyo usimwandike, atachelewesha faili, utamwita baadaye. Au amemwandika, lakini hakumpeleka kupimwa, kwa kuwa hasafiri, ya nini gharama za Nairobi? Kifungu cha 117(9)(d) cha kanuni za uhamiaji za Kanada za mwaka 2002 kinasema kwamba mtoto ambaye hakuchunguzwa wakati mzazi wake anaomba ukaazi hahesabiwi tena kuwa wa familia ya mzazi huyo pale atakapotaka kumwita. Mama mmoja wa Ufilipino, aliyeingia Kanada mwaka 1993 bila kuwataja wanawe wawili, alilipeleka jambo hili hadi Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho. Mwaka 2005 akashindwa. Mwaka 2019 serikali ilianza mpango wa majaribio wa kulegeza kwa baadhi ya familia za namna hiyo, hasa za wakimbizi na za walioitwa na jamaa zao. Wengine wamebaki na ombi la huruma, ambalo afisa anaweza kulikubali au kulikataa. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Kenya na Kanada zote zimeuridhia, unataka maombi ya mtoto kuungana na wazazi yashughulikiwe kwa moyo mwema, kwa utu na kwa haraka. Sioni utu katika kumfungia mtoto mlango kwa eksrei ambayo mtu mwingine hakumpeleka kupigwa.

Ila sheria ndiyo iliyopo, na wanaoumia ni wale waliomwamini ajenti. Dada siku hizi hupigiwa simu na wanawake wa kwetu, wengine hata hawajui alivyo kwa sura, wakimuuliza kuhusu yule wa pili. Huwajibu kwa ufupi, kwani mara nyingi yuko njiani kwenda zamu. Mwandike. Mpeleke apimwe hata kama hasafiri. Baba akikataa kumtoa, mwombe kwa maandishi, na akikataa kwa maandishi au kwa ujumbe wa simu, usifute ujumbe huo. Uambatanishe kwenye faili na ueleze kwamba ulitaka apimwe ukazuiwa, kisha uwaulize maofisa wa uhamiaji wanataka ufanye nini, nao wakujibu kwa maandishi pia.